Mudathiru, Subira na Ng'ombe wa Munyaneza

Wanaume wa nyumba ile walikuwa wauza nguo na washonaji tangu babu yao alipofika Gisenyi, Rwanda, na mizigo ya kaniki kutoka Ujiji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufuata mkia wa mnyama. Ndiyo maana Mudathiru, kitinda mimba wao, alipotokea mpakani mwishoni mwa mwaka 1996 akivuta farasi kwa kamba, katikati ya watu waliojitwika magodoro na masufuria, wa nyumbani hawakujua wafurahie kwanza kumwona mzima au wafunge kwanza mlango wa uani.

Alikuwa ameondoka kijana, akaenda Masisi, ng'ambo ya mpaka, kuendesha lori la mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe. Lori lilikufa. Mudathiru akapewa zizi la farasi alitunze mpaka lori jingine lije, nalo halikuja. Miaka kumi na tisa alisugua migongo ya farasi, akajua kuwatibu tumbo, kuwachonga kwato na kuwatuliza radi inapopiga. Vita vilipofika shambani, mzungu alipanda ndege. Farasi wanne walipigwa risasi. Wa tano, jike la rangi ya majivu aliyeitwa Subira, alichukuliwa na watu wenye silaha, wakambebesha mahindi na masanduku ya risasi wiki tatu nzima, wakimwendesha kwa fimbo za mbavuni. Siku aliyowatoroka na kurudi mwenyewe zizini, Mudathiru hakungoja kesho. Alimfunga kamba, wakashika njia ya Goma.

Mkuu wa nyumba wakati huo alikuwa Saidati, mjane wa Mugabo, kaka mkubwa wa Mudathiru. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na tatu, na hakuna aliyewahi kumwona nje akiwa na mtandio usiopigwa pasi. Alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama farasi.

"Shemeji, chumba chako kiko kama ulivyokiacha," alisema. "Huyu mwenzako hana chumba hapa."

"Mi naelewa. Yeye anatafuta majani tu, na fasi ya kulala."

"Na maji ya kuoga. Nyote wawili."

Fasi ilipatikana chini ya kilima cha Rubavu, kwenye kiwanja cha ghala la kahawa ambalo paa lake lilikuwa limekwenda na vita. Ukuta wake wa mawe meusi ya volkano ulikuwa bado mzima. Mudathiru aliezeka pembe moja kwa mabati mabovu, na kila asubuhi alitoka mtaani kwao akiwa na mundu na gunia la majani, akipita nyuma ya maduka ili wateja wa nyumba yao wasimwone. Hakuna aliyemwambia apite nyuma. Alijua mwenyewe.

Yeye si mtu aliyetafuta kazi ya kutibu watu. Kazi ndiyo iliyomkuta. Mwaka wa 1998, watu wa vilimani walipokuwa wakilala kambini kwa hofu ya wapiganaji waliotoka msituni, alikuwapo muuguzi mmoja kwenye kituo cha afya, Béata, binti wa Kinyarwanda aliyekulia Karagwe. Alishughulika na wagonjwa wasio na jeraha: wasiolala, wasiosema, walioanguka chini wakisikia mlango ukibamizwa. Siku moja alikuwa akimrudisha nyumbani mwanamke muuza sambaza, dagaa wa ziwani, aliyekuwa hajatoa neno tangu mwaka uliotangulia. Walipofika kwenye kile kiwanja, mwanamke akaacha njia, akaingia, akaweka paji la uso kwenye shingo ya Subira. Alikaa hivyo muda wa kuivisha sufuria ya ndizi. Farasi hakusogeza hata kwato. Mwanamke alipoinua uso, alisema, "Ana joto." Kisha akaendelea na safari yake.

Kesho yake Béata alirudi peke yake.

"Kaka, huyu farasi ungeweza kuniazima siku moja kwa wiki?"

"Kumupanda?"

"Hapana. Watu wasimame naye."

Mudathiru alikuna kidevu. "Kusimama naye tu? Dada, mi nimefanya kazi ya farasi miaka mingi, hiyo ya kusimama sijapata kuisikia. Lakini bon, kusimama anajua."

Ikawa siku ya Alhamisi. Hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza, walijifunza kwa kukosea. Waliona kwamba mgonjwa akisukumwa kumkaribia farasi, wote wawili hutetemeka. Hivyo wa kwanza kusogea alikuwa farasi, na kama hakutaka, basi siku hiyo ilipita ya kutazamana tu. Waliona kwamba anayempa farasi maji hujikuta anavuta pumzi sawa na yule mnyama anavyokunywa. Mtu alishika brashi, akasugua bega lile la majivu polepole, na Béata alisimama kando bila kuuliza swali. Maneno, yakija, yalikuja yenyewe, na mara nyingi aliyeambiwa alikuwa farasi.

Mjini waliita kiwanja kile "kwa farasi wa wendawazimu". Saidati alilisikia jina hilo sokoni, akarudi nyumbani na kapu nusu tupu.

"Mume wangu alizikwa na jina safi," alimwambia Mudathiru. "Sikukatazi kuwasaidia waja wa Mungu. Nakuomba tu, lolote litakalotokea pale lisije kuwa deni la heshima kwa nyumba hii."

"Halitatokea jambo, shemeji."

Lilitokea mwezi wa sita wa mwaka 1999.

Siku hiyo Jovia, binti wa kijiji cha Nyakiriba mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, alishuka kilima akiwa na baba yake. Mzee Munyaneza alikuwa mrefu, mkavu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Mkononi alikuwa na fimbo ya mchungaji iliyong'arishwa na kiganja chake mwenyewe. Alisimama langoni, akageuka nyuma, akangoja kama mtu anayengoja wenzake wapite, ndipo akaingia.

Jovia alimweleza Béata mambo yote, na Mudathiru alikuwa karibu akisikia. Miaka miwili nyuma, baba yake aliumwa mguu, akawatuma wanawe wawili malishoni na ng'ombe kumi na mmoja. Watu wenye silaha waliwakuta huko juu. Waliwaua vijana, wakawakata ng'ombe miguu. Mzee akiwa kitandani alisikia ng'ombe wakilia kilimani mpaka wakanyamaza. Aliwazika wanawe bila kulia. Wazee wa kule husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na watu walimsifu kwa ushujaa. Baada ya matanga aliamka alfajiri, akashika fimbo, akafungua mlango wa zizi tupu, akawatoa ng'ombe wasiokuwapo kwenda malishoni. Jioni akawarudisha. Hajaacha hata siku moja. Hasemi na mtu, husema nao tu.

"Nimeposwa," alisema Jovia, macho yakiwa chini. "Ni watu wa Rubavu, watu wazuri. Lakini baba mkubwa wa mchumba wangu alikuja akamwona baba njiani anapiga mluzi peke yake. Akasema: hatupeleki ng'ombe wa mahari kwa mtu asiyejua ng'ombe aliye hai na aliyekufa. Atamweka wapi? Wametupa muda mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Baba akiweza kuketi na wageni na kupokea ng'ombe kama baba wa watu, ndoa ipo. Asipoweza, haipo."

Béata aliuliza taratibu, "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka baba anione nikiondoka. Sitaki kuondoka nyumbani kwa mtu asiyeniona."

Mudathiru alimleta Subira kwa kamba ndefu. Farasi alipiga hatua tatu, akaiona fimbo. Masikio yakalala, macho yakawa meupe, akarudi kinyumenyume mpaka matako yakagonga ukuta. Mzee Munyaneza alibaki ameganda. Na hapo Mudathiru akafanya kosa ambalo mtu aliyezaliwa katika nyumba ya nguo ndiye anayeweza kulifanya. Alimwendea mzee kwa tabasamu, akasema, "Samahani, mzee," akaichukua fimbo mkononi mwake, akaiegemeza ukutani.

Jovia aliziba mdomo. Munyaneza alitazama kiganja chake kitupu. Kisha akaketi chini kwenye majani, mtu mzima na koti lake, akainamisha kichwa baina ya magoti. Ilibidi binti yake na Béata wamwinue. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Jioni ya Alhamisi hiyo ya pili Mudathiru alisimulia nyumbani akiwa anakula, kama mtu anayelalamikia mvua. Saidati aliweka kijiko chini.

"Umemfanya nini?"

"Mi sikumupokonya, shemeji. Niliishika tu. Farasi iliogopa."

"Mudathiru. Mchungaji wa kule huiweka fimbo chini kwa hiari yake, anapoingia kwa wakwe au anaposimama kaburini. Anayemnyang'anya amemwambia mbele ya watu kwamba hana ng'ombe. Umemwambia mzee wa watu, mbele ya mtoto wake, neno ambalo kijiji kizima kimekuwa kikimficha miaka miwili."

Mudathiru aliacha kula. Mkono wake ulikuwa bado kwenye sahani.

"Wewe hukulijua, najua. Lakini kutojua hakusafishi," Saidati aliendelea, sauti haikupanda. "Kesho utapanda Nyakiriba. Hutatuma salamu, hutampa yule muuguzi maneno ya kukusemea. Nyumba hii inapokosa, huenda kwa miguu yake."

"Nitamwambia nini?"

"Hapo sikufundishi. Mwalimu hampi mwanafunzi majibu."

Alifika Nyakiriba jua likichomoza juu ya mashamba ya viazi. Mzee Munyaneza alikuwa ndiyo kwanza anafungua zizi. Mudathiru alivua kofia, akasema maneno yote ya kuomba radhi aliyoyapanga njiani, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na mzee akampita kama mtu anavyoupita mti. Alipiga mluzi, akashika njia ya kilimani.

Basi Mudathiru akafuata. Hakuwa na la kufanya jingine. Kurudi kwa Saidati mikono mitupu kulimwogopesha zaidi. Alitembea nyuma ya mzee, na baina yao palikuwa na nafasi pana, kwa sababu mzee alitembea kama mtu aliye nyuma ya kundi na kila mara alimwangalia kwa ukali anapoikaribia ile nafasi. Watoto waliokuwa wakichota maji walicheka. "Leo wako wawili!" Mmoja akaita, "We mzee wa kofia, wako ni yupi?" Mudathiru alihisi masikio yanawaka. Alifikiri habari zile zitafika mjini kabla yake.

Kwenye kijito mzee alisimama, akangoja kundi linywe. Mudathiru naye akasimama. Jua likapanda. Akawa anajiuliza atasimama pale mpaka lini, akasogea hatua mbili kutafuta kivuli.

"Ondoka hapo," alisema Munyaneza.

Mudathiru alishtuka. Sauti ilikuwa kavu, kama bawaba.

"Umesimama njiani. Huyo ana ndama tumboni, umpishe."

Angeweza kusema hakuna ng'ombe. Angeweza pia kujifanya anamwona. Lakini alikuwa ameishi na wanyama miaka mingi, na alijua kwamba mnyama na mtu mwenye hofu, wote hunusa uongo. Alirudi hatua mbili, akasema, "Mi simuoni, mzee. Lakini nimemupisha."

Munyaneza alimtazama kwa mara ya kwanza. Walichunga siku nzima, walikula viazi vya kuchoma kutoka mfuko mmoja wa koti, na jioni Mudathiru aliurudisha mlango wa zizi mwenyewe, miti mitano, mmoja juu ya mwingine, huku mzee akihesabu kwa kidole mpaka kumi na mmoja.

Alhamisi ile Munyaneza alishuka. Aliingia langoni, akangoja ng'ombe wake wapite, akamwendea Mudathiru moja kwa moja. Subira alikuwa pembeni kabisa, masikio yamelala. Mzee alinyoosha fimbo, mshiko mbele.

"Shika wewe. Uwaangalie, wasiingie kwenye mtama wa watu."

Mudathiru aliipokea kwa mikono miwili. Alikwenda nje ya ukuta, mahali farasi asipoweza kuiona, akasimama barabarani akichunga ng'ombe kumi na mmoja asiowaona, mbele ya wapita njia wote waliotaka kwenda Rubavu. Safari hii hakutafuta pa kujificha. Kutoka pale aliweza kuona ndani kupitia ufa wa mawe.

Mzee hakufanya kitu. Alisimama, mikono imelegea. Baada ya muda mrefu Subira akapiga hatua, akasimama, akapiga nyingine. Alinusa mkono ule mtupu. Alinusa koti, akalipulizia. Munyaneza akainua kiganja, akakiweka kwenye mbavu za farasi, pale palipokuwa na makovu ya fimbo, akaanza kuyafuata kwa vidole kovu baada ya kovu, kama anayesoma. Midomo yake ilicheza. Béata aliyekuwa karibu hakuwahi kumwambia mtu yaliyosemwa.

Wiki sita mfululizo ikawa hivyo. Mzee alijifunza brashi, alijifunza ndoo. Ukwato wa kushoto wa mbele ulimpa shida, na siku alipofaulu kuunyanyua alimwita Mudathiru aje aone. Lakini kila jioni alichukua fimbo, akahesabu, akaondoka na kundi lake. Jovia aliuliza kwa hofu, "Muuguzi, anapona au hapana?" Béata alijibu kwamba hajui, na kwamba angekuwa mwongo akisema anajua.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Jovia alimwalika Mudathiru akae karibu na baba yake. Saidati alimpigia kanzu pasi mwenyewe, akaikagua kola mara mbili. "Unakwenda kama mtu wa nyumba hii," alisema. "Usinifikie huko na harufu ya zizi."

Wageni wa Rubavu walikaa upande mmoja wa uwanja, wenyeji upande wa pili. Pombe ya mtama ilipita, Mudathiru akapewa Fanta. Wasemaji wa pande zote mbili walitaniana kama ilivyo desturi, huyu akidai hajui wageni wamefuata nini, yule akidai wamepotea njia. Mzee Munyaneza aliketi wima. Baba mkubwa wa bwana harusi hakumwondolea macho.

Kisha ng'ombe akaletwa. Alikuwa mwekundu, pembe ndefu, na alipoingia kwenye umati alilia.

Munyaneza alisimama. Uso ukawa wa rangi ya jivu, na wasemaji wakaacha utani. Jovia, aliyekuwa mlangoni na wasichana wenzake, alishika mwimo. Mudathiru alitaka kuinuka, akajizuia. Mzee alivuka uwanja akasimama mbele ya ng'ombe, akangoja. Alingoja mpaka watu wakaanza kutazamana. Ng'ombe akanyoosha shingo, akamnusa koti. Ndipo mzee akaweka mkono begani pake, akapita ubavuni, akainama, akashika kiwele.

"Chuchu moja imekufa," alisema kwa sauti. "Leteni mwingine."

Kicheko kilipasuka pande zote mbili. Msemaji wa wageni alijishika kichwa. "Tumekamatwa! Tulidhani mzee haoni!" Baba mkubwa mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, akaahidi mwingine kabla ya wiki kwisha, na huyu abaki kama dhamana. Mtu mmoja akauliza ni nani yule wa kanzu aliyeketi na mkwe, Munyaneza akajibu, "Mchungaji wangu," wakacheka tena.

Lakini mzee hakurudi kitini. Alikuwa bado ameshika kamba ya ng'ombe, akitazama huku na huku.

"Wavulana wako wapi wampeleke malishoni?"

Kicheko kilikatika. Akauliza tena, polepole zaidi, na safari hii alionekana anajiuliza mwenyewe.

"Wamekufa," alisema. "Bizumuremyi amekufa. Habineza amekufa."

Machozi yakatoka, mbele ya wakwe, mbele ya watoto, na hakuyafuta. Jovia alivuka uwanja, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akasimama naye. Msemaji wa wageni akavua kofia. Baba mkubwa wa bwana harusi aliinuka, na ukoo wake wote ukainuka naye, wakabaki wamesimama mpaka mzee alipomaliza. Kisha baba mkubwa akasema maneno machache tu: kwamba wamekuja kuomba binti, na sasa wanaona wamekuja pia kwenye matanga yaliyochelewa, na hawataondoka kabla ya kuyatimiza yote mawili.

Jovia aliolewa. Baba yake alimwona akiondoka.

Habari zilishuka mjini kama zinavyoshuka siku zote. Jumatatu, kwenye duka la vitambaa, mama mmoja alimwuliza Saidati mbele za watu, "Eti shemeji yako siku hizi ni mchungaji huko Nyakiriba? Na ng'ombe wenyewe hawaonekani?"

"Ndiyo," alijibu Saidati, akiendelea kupima kanga kwa mkono. "Na hajapoteza hata mmoja."

Alhamisi Munyaneza alishuka kilima kama kawaida. Alingoja langoni, lakini muda mfupi zaidi. Alimkabidhi Mudathiru fimbo.

"Leo ni tisa."

"Wawili je, mzee?"

"Wamebaki kule juu, pamoja na wavulana."

Mvua za vuli zilikuja, wakawa sita, wakawa wanne. Kule Nyakiriba ng'ombe mpya wa mahari ya Jovia alizaa, na mzee alikuwa na maziwa ya kweli ya kukamua kabla ya kuja. Mwezi wa kumi na mbili alifika akiwa na mmoja tu. Mudathiru alipokea fimbo, akatoka nje, akasimama kando ya barabara upande wa kivuli, akaacha nafasi ya mnyama mmoja kulala karibu naye.